Kipimo Kimesema Ndiyo na Mimba Haipo: Homoni Inatoka Wapi?

Chukua mama wa miaka 52 kutoka Tukuyu, kwetu kusini-magharibi mwa Tanzania. Goita yake imekua mpaka inamkaba akilala chali, na baada ya kubembelezwa sana na wanawe amekubali kwenda Mbeya mjini kufanyiwa upasuaji. Hedhi aliiaga karibu miaka miwili iliyopita. Siku moja kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, majibu ya damu yanarudi. Kwenye mstari wa hCG, ile homoni ambayo watu wote wanaijua kama homoni ya mimba, kumeandikwa 9. Pembeni ya namba hiyo mashine imeweka alama ya nyota, kwa kuwa kwa mwanamke asiye na mimba ilitegemea namba isiyofika 5. Daktari kijana anaahirisha upasuaji. Binti aliyemsindikiza mama anaangalia sakafu. Mzee aliyebaki nyumbani na migomba yake naye anasubiri simu.

Mama huyu nimemtunga, lakini namba yake ni ya kawaida kabisa. Wanawake wa umri wake wanaipata kwenye maabara za dunia nzima, na wengi hawana mimba wala ugonjwa. Kabla ya kusema inatoka wapi, inabidi tuangalie kipimo chenyewe kinafanya nini, maana aibu na ugomvi mwingi wa ndoa unaanzia hapo.

Kipimo cha mimba hakijawahi kuona mimba. Kinaona molekuli moja tu. Kile kipande chembamba kinachouzwa kwenye maduka ya dawa kuanzia Mwanjelwa mpaka Makambako, ambacho hospitalini kila mtu anakiita UPT, kimepakwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kimoja maalumu, na hizi zinaikamata hCG. Ukikichovya kwenye mkojo hadi kwenye mshale, mkojo unapanda taratibu na kubeba chembechembe nyekundu zilizofungwa na kingamwili ya kwanza. Kama hCG ipo, inang'ang'aniwa na chembe hizo. Ikifika kwenye mstari wa T inanaswa tena na kingamwili ya pili iliyogandishwa pale, na rangi inajikusanya. Mstari wa C ni wa kuthibitisha tu kwamba mkojo umefika na kipimo kinafanya kazi. Vingi vya vipande hivi huanza kuonyesha homoni ikifika yuniti 25 kwa lita. Kwa hiyo ile 9 ya mama wa Tukuyu isingeonekana kabisa kwenye kipande cha dukani. Imeonekana kwa sababu mashine ya damu inashuka chini zaidi na inatoa namba kamili.

Na hapa niseme kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi: kipande kina muda wake wa kusomwa. Kwa kawaida ni dakika tatu hadi tano, na baada ya dakika kumi majibu hayahesabiki. Mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli cha kijivu palepale penye T. Mtu aliyekitupa kipande kwenye ndoo asubuhi, akakiokota mchana baada ya kutoka shamba na kukuta mstari hafifu usio na rangi, anasoma alama ya ukaukaji. Hakuna homoni hapo.

Kwenye mimba changa inayokwenda vizuri, hCG huongezeka kwa kasi, karibu mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Hufika kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, mara nyingi ikikaribia au kuvuka yuniti 100,000, kisha hushuka na kutulia. Inatengenezwa na seli za nje za kondo la nyuma. Kazi yake ya mwanzo ni kukiambia kile kifuko kilichoachwa na yai lililopevuka, ndani ya ovari, kiungo kinachotoa mayai, kwamba kisiache kutoa homoni inayolinda ukuta wa kizazi, la sivyo hedhi ingekuja na kubeba kila kitu. Hivyo asili yake ni seli za kondo. Mtoto hahusiki moja kwa moja, na hilo litatusaidia mbele.

Walioanzisha upimaji huu walikuwa wanatumia wanyama. Mwaka 1927 madaktari wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, walichoma mkojo wa wanawake kwenye panya majike wachanga, kisha wakawapasua kuona kama mayai yao yamepevuka. Baadaye walikuja sungura. Miaka ya 1930 ikawa zamu ya chura wa Afrika Kusini, aliyesafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani kwa sababu yeye hakuhitaji kuuawa: unamchoma mkojo jioni, asubuhi unakuta ametaga. Kinachonivutia ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya mwanzo, Zondek mwenyewe alikuta kipimo kikisema ndiyo kwa mkojo wa wanaume wenye uvimbe wa korodani. Kwa maneno mengine, tangu kipimo kizaliwe ilijulikana kwamba kinaweza kusema ndiyo kwa mtu asiyeweza hata kidogo kuwa na mimba. Habari hiyo haijafika mitaani bado, miaka karibu mia baadaye.

Vipimo vya zamani vilikuwa na kasoro nyingine. hCG ina nusu mbili zilizoshikana. Nusu ya kwanza, alfa, inafanana kabisa na ile ya homoni nyingine tatu: LH na FSH zinazoendesha mayai na mbegu, na TSH inayoamrisha tezi ya shingo. Ni kama shangazi wanne kwenye harusi walioshona sare ya kitenge kimoja. Ukiwatazama kwa mbali huwatofautishi, mpaka uangalie vilemba. Kilemba cha hCG ni nusu yake ya pili, beta. Mwaka 1972 Judith Vaitukaitis na wenzake, Marekani, walitengeneza kipimo kinachotambua beta peke yake, na ndiyo maana mpaka leo karatasi za maabara zinaandika «beta hCG». Baada ya hapo LH iliyopanda haikuweza tena kudanganya kirahisi.

Sasa turudi kwa mama wetu.

Mayai yakiishiwa nguvu, homoni ya estrojeni inashuka. Ubongo unaona ukimya huo na kuanza kuisukuma tezi ya pituitari, iliyo chini yake, itoe LH na FSH kwa wingi ili mayai yaamke. Hayaamki. Tezi inaendelea kusukumwa, na katika kusukumwa huko inatoa pia hCG kidogo. Kila mmoja wetu ana uwezo wa kutengeneza hCG kidogo kwenye pituitari. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kiasi hicho kinaongezeka mpaka mashine inakiona. Ndiyo maana wataalamu wengi hutumia kikomo cha yuniti 14 kwa wanawake waliokoma hedhi, na si 5. Maabara inayotumia 5 kwa kila mwanamke, wa miaka 20 na wa miaka 60, itaendelea kuwatia nyota wamama wasio na lolote.

Kuthibitisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unapima FSH, ikiwa juu sana, umri na homoni vinakubaliana kwamba hii ni pituitari. Bado una shaka? Mama, kama afya yake inaruhusu, anaweza kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kwa wiki mbili au tatu. Estrojeni inaituliza pituitari, na hCG yake inashuka. Kama ingetoka kwenye mimba au kwenye uvimbe, isingejali vidonge hivyo. Mzee wa Tukuyu angepigiwa simu na kuambiwa upasuaji umesogezwa mbele siku chache, basi.

Pale ambapo damu inasema ndiyo na mkojo unasema hapana

Kisa kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Kingamwili zilizo kwenye vipimo vya maabara hutengenezwa kwa kutumia wanyama, hasa panya, sungura na mbuzi. Wapo watu ambao damu yao ina kingamwili zao wenyewe zinazozishika kingamwili za wanyama. Wengine wamezipata kwa kuishi karibu na wanyama, wengine kwa ugonjwa wa baridi yabisi, na kwa wengi sababu haijulikani. Kwetu huku, ambako nyumba moja ina ng'ombe, sungura na simbilisi wanaokimbia chini ya meza ya jikoni, si jambo la kulipuuza.

Damu ya mtu kama huyo ikiingia kwenye mashine, kingamwili zake zinaunganisha zile mbili za kipimo bila hCG kuwepo. Mashine inaona zimeungana, inahesabu, na inatoa namba. Inaweza kuwa 30, inaweza kuwa 300. Hakuna homoni hata tone.

Mwaka 1999 na 2000 mtafiti Laurence Cole na wenzake huko Marekani walichapisha habari za wanawake waliopata namba za namna hii. Altrasaundi haikuona mimba, na madaktari wakahitimisha kwamba kuna saratani ya kondo iliyojificha mahali. Katika taarifa yao ya mwaka 2000 walikuwemo wanawake 12 waliotibiwa saratani ambayo hawakuwa nayo. Walipewa dawa kali za saratani, na wapo waliotolewa kizazi. Namba ilibaki palepale baada ya matibabu, jambo ambalo badala ya kuwashtua madaktari liliwafanya waongeze dawa. Hawakuwa madaktari wazembe. Walikuwa na karatasi yenye namba, na karatasi yenye namba ina nguvu ya ajabu juu ya watu waliosoma.

Dawa ya mkanganyiko huo ilikuwa kikombe cha mkojo. Kingamwili ni molekuli kubwa, hazipiti kwenye figo zenye afya. hCG halisi inapita. Kwa hiyo mwanamke mwenye 200 kwenye damu ambaye kipande cha mkojo kinasema hapana, tena na tena, anatakiwa kushukiwa kuwa na namba ya uongo kabla ya kushukiwa kuwa na saratani. Maabara inaweza pia kuichanganya damu na maji maalumu mara mbili, mara nne, mara nane: homoni ya kweli itashuka kwa mpangilio huo huo, ya uongo itarukaruka ovyo. Au sampuli ipelekwe kwenye mashine ya kampuni nyingine, yenye kingamwili tofauti. Hakuna kati ya hivi kinachohitaji teknolojia ya mwezini. Kinahitaji daktari anayethubutu kumpigia simu mtu wa maabara na kumwambia, «Ndugu yangu, namba hii haimfanani mgonjwa wangu.»

Ambapo homoni ipo kweli, tena nyingi mno

Upande wa pili kuna hali ambayo kuikosa ni hatari kuliko kuikuta: mimba zabibu. Nilisema hCG inatengenezwa na seli za kondo na mtoto hahusiki. Mimba zabibu ni kondo bila mtoto. Katika ile iliyo kamili, yai lisilo na vinasaba vya mama linarutubishwa na mbegu ya baba, vinasaba vya baba vinajirudufu, na kinachokua ni vifuko vidogo vyenye maji, vishada kwa vishada. Hutokea kwa takriban mimba moja kati ya 1,000 katika nchi nyingi. Walio hatarini zaidi ni wasichana wadogo sana na wanawake waliokaribia kukoma hedhi. Hakuna aliyemloga mwenzake hapo, na hakuna aliyeiba mimba usiku. Nasema hivyo kwa sababu tumbo linalokua haraka, kisha likatoa damu na vifuko vya maji badala ya mtoto, limewaponza wanawake wengi kwa wakwe zao.

Dalili zake mama anaweza kuziona mwenyewe: damu katika miezi ya mwanzo, kutapika kupita kawaida, tumbo kubwa kuliko umri wa mimba, presha kupanda mapema mno. Wakati mwingine moyo unadunda haraka, jasho linatoka hata katika baridi ya Julai ya Makete, na mwili unakonda. Hiyo ni kwa sababu ya undugu nilioutaja baina ya hCG na TSH. Homoni ikizidi sana, inaanza kuichokoza tezi ya shingo kana kwamba ni TSH. Katika mikoa yetu, ambako goita ni ugonjwa uliozoeleka tangu enzi za mababu, ni rahisi mtu kuhangaika na shingo huku tatizo liko kizazini.

Hila ya mimba zabibu kwenye kipimo ni hii: homoni ikiwa nyingi kupindukia, mamia ya maelfu au zaidi ya milioni, kipande cha mkojo kinaweza kusema hapana. Kingamwili zote mbili zinajaa, kila moja imeshika hCG yake, na hakuna iliyobaki kuziunganisha. Rangi haijikusanyi kwenye T. Mwanamke ana tumbo, anatapika, anatoka damu, na mstari ni mmoja. Mtaalamu anayeijua hila hii huchanganya mkojo huohuo na maji mengi na kupima upya, na mstari wa pili unatokea. Ningekuwa na uwezo ningeiandika sentensi hiyo kwenye ukuta wa kila maabara ya zahanati kuanzia Chunya hadi Ludewa.

Matibabu huanza kwa kusafisha kizazi kwa mashine ya kunyonya. Lakini kazi halisi inakuja baadaye, na hapa ndipo kupima homoni ya mimba kwa mtu asiye na mimba kunakuwa kazi ya kuokoa maisha. Baada ya mimba zabibu kamili, karibu wanawake 15 hadi 20 kati ya 100 hubakiwa na seli zinazoendelea kukua. Seli hizo haziumi na hazionekani kwa macho. Zinajisema zenyewe kwa hCG. Mama anapimwa kila wiki mpaka namba ifike chini kabisa, kisha kila mwezi kwa muda. Namba ikigoma kushuka kwa vipimo vinne ndani ya wiki tatu, au ikipanda kwa vipimo vitatu mfululizo ndani ya wiki mbili, matibabu ya saratani yanaanza hata kama mama anajisikia mzima na anabeba ndoo yake kama kawaida. Kwa muda wote huo anashauriwa atumie uzazi wa mpango. Si kwamba hatazaa tena, wengi huzaa. Akishika mimba katikati ya ufuatiliaji, namba itapanda na hakuna atakayejua inapanda kwa sababu ipi.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Aliyetoka damu, akasafishwa, akapona, haoni kwa nini apande basi kutoka Kyela kila wiki kwenda kutolewa damu. Nauli ni ya kweli, msimu wa kupanda mpunga nao ni wa kweli. Simlaumu. Ninachowalaumu watu wa huduma ni kumwambia tu «urudi wiki ijayo» bila kumweleza kwamba anafuatiliwa saratani.

Seli hizo zikiachwa zinaweza kuwa koriokasinoma, saratani ya kondo, inayopenda kusafiri kwa damu hadi kwenye mapafu. Inaweza kuja hata baada ya mimba iliyotoka au baada ya kujifungua vizuri. Mwanamke aliyejifungua miezi michache iliyopita, anayekohoa damu na kukonda, hapa kwetu atafikiriwa kifua kikuu kwanza, na ni haki kufikiria hivyo. Ila kama makohozi hayaonyeshi vijidudu na mama ana historia ya mimba ya hivi karibuni au hedhi isiyoeleweka, kipande cha UPT kinaweza kusema zaidi ya miezi sita ya dawa za TB.

Inauma zaidi kuikosa kwa sababu ni moja ya saratani zinazotibika vizuri kuliko zote. Mwaka 1956 Min Chiu Li na Roy Hertz, kwenye taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, walitangaza kwamba dawa ya methotrekseti imeyeyusha uvimbe wa aina hii. Li alikuwa na msimamo mmoja uliowaudhi wakubwa zake. Aliendelea kutoa dawa hata baada ya uvimbe kutoonekana, kwa sababu hCG kwenye mkojo ilikuwa bado haijaisha, na kwake homoni iliyobaki ilikuwa na maana moja tu: saratani imebaki. Wakamfukuza kazi. Wagonjwa aliowatibu mpaka namba ikaisha ndio waliopona moja kwa moja, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Leo wenye ugonjwa wa daraja la chini karibu wote hupona, na wengi hubaki na kizazi chao.

Wanaume, na wengine waliobaki

Mwaka 2012 kijana mmoja wa Marekani alikojolea kipimo cha mimba kwa utani, kikasema ndiyo. Alipokwenda kuchunguzwa alikutwa na uvimbe mdogo kwenye korodani. Habari ilizunguka dunia, na tangu hapo kila mwaka kuna mtu anauliza kama wanaume wanunue UPT wajipime saratani. Jibu ni hapana. Saratani nyingi za korodani hazitoi hCG ya kutosha kufikia mstari. Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi ni wachache tu, takriban mmoja kati ya watano au sita, wanaokuwa na homoni iliyopanda. Kipande kikisema hapana, kijana atatulia na uvimbe wake. Saratani hii huwapata hasa vijana wa kati ya miaka 15 na 40, na inakuja zaidi kwa waliozaliwa na korodani moja haijashuka. Mkono wa mwenyewe wakati wa kuoga maji ya moto unagundua mengi kuliko mkojo: kinundu kigumu kisichouma, korodani moja kuwa nzito. Matiti yakivimba kwa kijana aliyekwisha kupita balehe nayo ni sababu ya kumwona daktari, kwani hCG huisukuma korodani itoe estrojeni. Lakini kipimo kikisema ndiyo kwa mwanaume, kwa utani au kwa bahati mbaya, utani umeisha. Anatakiwa altrasaundi ya korodani na kipimo cha damu, mapema.

Zipo pia saratani za ovari, kibofu, mapafu, tumbo na kongosho zinazoweza kutoa hCG au vipande vyake, kwa kawaida kidogo. Wagonjwa wa figo zilizochoka, hasa walio kwenye mashine ya kusafisha damu, hubaki na kiasi kidogo kwa kuwa njia ya kuitoa imeziba. Kuna koo chache sana duniani ambazo hurithi hCG ya juu bila ugonjwa. Na kuna waliochomwa hCG yenyewe kwa sindano, kwa kutafuta mtoto, kwa kutunisha misuli au kwa kupunguza unene, ambao kipimo chao kinaweza kusema ndiyo kwa wiki moja au mbili. Ya kupunguza unene ni utapeli uliodumu tangu miaka ya 1950. Kinachowakondesha ni njaa wanayolazimishwa kukaa nayo.

Sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi, dawa mseto ya malaria, antibayotiki na vidonge vya maumivu havina hCG ndani yake. Anayekuambia mstari wa pili umetokana na sindano ya uzazi wa mpango amekosea.

Mimba iliyokwisha kutoka nayo huacha homoni nyuma. Baada ya kujifungua au mimba kuharibika, hCG huchukua wiki kadhaa kuisha, mara nyingi wiki nne hadi sita, na nyingine hukawia zaidi. Mimba nyingine huharibika mapema kiasi kwamba mwanamke anapata mstari leo na hedhi wiki ijayo. Na kuna ile iliyotunga kwenye mrija, ambayo si ya kusubiriwa: mstari mara mbili, altrasaundi haioni kitu kizazini, maumivu upande mmoja, kizunguzungu. Huyo asiambiwe arudi Jumatatu. Akimbizwe.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu wasichana wa shule. Kwa miaka mingi shule nyingi nchini zimekuwa zikiwapima wasichana mimba, na kipande hicho kikageuka hakimu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida, na hilo limepunguza ukali wa hukumu. Halijabadilisha namna mstari unavyosomwa. Kipande kimoja, kilichosomwa na mwalimu nje ya choo, bila kurudiwa, bila altrasaundi, bila kumsikiliza binti: kitabibu huo si uchunguzi. Msichana wa miaka 15 mwenye mstari wa pili anaweza kuwa na mimba, na mara nyingi anayo. Anaweza pia kuwa alipoteza mimba mwezi uliopita na hajamwambia mtu. Anaweza kuwa na mimba zabibu, ambayo kwa umri wake inaongezeka. Au uvimbe wa ovari, ambao baadhi ya aina zake huwapata mabinti wa rika hilo hasa. Katika hali zote hizo anahitaji nesi kabla ya kikao cha nidhamu.

Kwa aliyekwama na namba isiyoeleweka, huku kwetu njia inaeleweka. Kituo cha afya kirudie mkojo, kiulize hedhi, mimba za nyuma na dawa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ifanye altrasaundi. Kinachobaki kiende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambako Meta ndiko kwenye masuala ya uzazi, na wapo watakaopewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Njiani humo hujificha kosa moja dogo. Mashine za kampuni tofauti hazitoi namba sawa kwa damu ileile. 40 ya Mbeya inaweza kuwa 55 ya Dar bila homoni kuongezeka. Daktari anayepokea akiona tu namba ya mwisho atadhani ugonjwa unapanda. Kwa hiyo mgonjwa asafiri na karatasi zake zote, zenye tarehe, jina la maabara na aina ya mashine, na kule anakokwenda aombe apimwe upya siku ya kwanza ili hesabu mpya ianzie hapo.